Model 3 ya Kawaida au Performance? Tazama Matairi Kwanza

SWALI: Ninaishi Northampton, Uingereza. Kazini ni kilomita 70, kwenda na kurudi. Nimepata Tesla Model 3 mbili za mwaka 2024: ya kawaida yenye mota moja ya nyuma, na Performance. Muuzaji ananishauri nichukue Performance kwa sababu betri yake ni kubwa na inakwenda mbali zaidi. Nimsikilize?

JIBU: Betri ni kubwa kweli, takriban kWh 79 (yaani uniti 79 za umeme) kwa 60. Ila kipimo cha Ulaya cha WLTP kinaipa Performance kilomita 528, ya kawaida 513. Betri imezidi kwa karibu theluthi, na umbali umezidi kilomita 15 tu! Umeme mwingine unaliwa na mota mbili, uzito na matairi mapana. Kwa kipimo hichohicho, ya kawaida inatumia kWh 13.2 kwa kilomita 100, Performance 16.7. Kwa siku 250 za kazi, tofauti inapita kWh 600 kwa mwaka.

Performance inachaji hadi kW 250 kwenye chaja za haraka, ya kawaida kW 170. Nyumbani faida hiyo huioni. Chaja ya ukutani ya ampea 32 inatoa kW 7.4 kwa gari lolote kati ya haya, na kuitoa ya kawaida asilimia 20 hadi 80 ni kazi ya saa tano hivi, umelala.

Sasa inama utazame matairi, maana hapo ndipo pesa zitakapotoka. Ya kawaida ina 235/45 R18 pande zote nne. Performance ina 235/35 R20 mbele na 275/30 R20 nyuma. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ukuta wake kwa asilimia ya upana huo, na R18 au R20 ni inchi za rimu. Piga hesabu ya ukuta wa tairi: milimita 106 kwa ya kawaida, 82 kwa Performance. Hizo milimita 24 zilizopungua ndizo zinazoikinga rimu gari likitumbukia shimoni, na barabara za Uingereza baada ya baridi mnazijua wenyewe. Tena, kwa kuwa ya mbele na ya nyuma hayalingani, huwezi kuyabadilishana ili yalike sawasawa. Ya nyuma yataisha kwanza, na ndiyo ya bei.

Gari likiwa limetumika, ingiza mkono nyuma ya tairi la nyuma upapase ukingo wa ndani. Magurudumu ya nyuma ya Model 3 yameinamia ndani kidogo kwa juu, hivyo ukingo huo unaweza kuwa kipara huku nje tairi linaonekana zima. Kima cha chini kisheria huko ni milimita 1.6 katika robo tatu za katikati ya tairi. Ukikuta ukingo umelika, dai wili alaimenti na matairi mapya kabla ya kulipa.

Kwa safari yako, chukua ya kawaida. Performance inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.1, mwenzake 6.1, na shokomzoba zake hujirekebisha zenyewe. Anayeitaka kwa raha hiyo aichukue, lakini asiambiwe anaokoa. Omba pia bei ya bima ya yote mawili kabla hujaweka amana.

SWALI: Nina hiyo ya kawaida. Jirani mwenye Performance ananionya nisichaji kupita asilimia 80. Ana haki?

JIBU: Kwa gari lake, ndiyo. Lako lina betri ya chuma na fosfeti, LFP, na Tesla yenyewe inaelekeza ijazwe hadi 100 angalau mara moja kwa wiki. Volti za LFP hazibadiliki sana kuanzia juu hadi karibu na chini, kwa hiyo kompyuta hupoteza hesabu ya kilichobaki mpaka betri ijae. Usipojaza kwa wiki kadhaa, asilimia unayoiona kwenye skrini inaweza kukudanganya.

Kuhakikisha aina ya betri, fungua sehemu ya programu kwenye skrini, kisha maelezo ya ziada ya gari.

Asubuhi za baridi LFP huwa nzito kupokea umeme, na gari likishuka mlima halirudishi mwingi betrini. Panga saa ya kuondoka ukiwa bado umechomeka, betri ipashwe moto kwa umeme wa ukutani.