Kifua ndicho kilichougua, figo zimeingiaje?

SWALI: Daktari, mwaka 2021 nililazwa siku kumi na moja kwa UVIKO-19, nikawekewa oksijeni. Nilipona, nikarudi kazini. Juzi nimepimwa damu, nikaambiwa figo zinafanya kazi chini ya nusu. Sina kisukari wala presha. Imekuwaje?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, kwa hiyo mapafu yakikwama, nazo hukosa hewa. Presha ikishuka kwa homa kali na kuishiwa maji, vijifereji vya ndani ya figo ndivyo huumia mapema. UVIKO-19 huongeza balaa jingine: damu huganda ndani ya vimishipa vidogo, na kinga ya mwili ikichachamaa hujeruhi hata viungo vyake yenyewe. Mafua makali ya influenza nayo huweza kuziumiza figo, ingawa watu huyadharau.

Siku zile nikiwa zamu, nilizoea kuinama chini ya kitanda kutazama mfuko wa mkojo kabla ya lolote. Jana umejaa, leo ni vidole viwili tu, rangi ya kahawia iliyokoza. Hapo nilijua figo zimeshaguswa.

Baadhi ya sehemu za figo zilizoumia hupona. Lakini kichujio cha figo kilichokufa hakioti tena, kovu huchukua nafasi yake. Vilivyobaki hubeba mzigo wote, navyo huchakaa polepole bila maumivu yoyote. Ndiyo maana ulijiona mzima. Linaloniuma ni kwamba wengi huruhusiwa kwenda nyumbani bila kuambiwa warudi kupima figo baada ya miezi mitatu.

Sijui figo zako zilikuwaje kabla ya 2021, hivyo tafuta majibu ya vipimo vya zamani, hasa kreatinini (taka ya damuni ambayo figo huitoa), daktari wako ayalinganishe. Ibuprofeni na diklofenaki uachane nazo, hata kwa kichwa kinachogonga; na kila anayekuandikia dawa mwambie habari ya figo. Presha ipimwe mara kwa mara, maana figo zenye kovu huipandisha, nayo ikipanda huzimaliza. Je, mkojo wako unatoa povu lisilokatika upesi? Huenda protini inavuja. Omba kipimo chake, na upeleke mkojo wa kwanza wa asubuhi.