Fundi wa kulipwa kwa oda, ni mwajiriwa au siyo?

Dada, karatasi uliyomsainisha yule fundi cherehani wa hapo Kariakoo, "huyu si mwajiriwa", peke yake haikukingi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya 2004 kinaangalia hali halisi: nani anampangia saa, cherehani ni ya nani, anakutegemea wewe kwa kipato, ana wateja wengine? Hata wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi 3 iliyopita unatosha kumhesabu mwajiriwa. Kigezo kimoja tu kikitimia, kazi ya kuthibitisha vinginevyo inakuwa yako.

Wako anaingia saa 2 asubuhi, anashonea cherehani yako, akichelewa unamkata pesa. Huyo ni mwajiriwa, tafadhali usijidanganye. Mpe mkataba wa maandishi, mwandikishe NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), likizo siku 28 kwa mwaka. Ukimtimua hovyo ana siku 30 za kwenda kulalamika CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Ukitaka fundi wa kujitegemea kweli, mlipe kwa oda iliyokamilika, ashonee kwake kwa vifaa vyake, akupe risiti. Hapo unakata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo yake na kuipeleka TRA.