Ugomvi wa baa huanzia kwenye chupa tupu

Watu hupenda kusema ugomvi wa baa ni mapenzi na mpira. Na huo upo, hasa jioni ya Simba na Yanga. Lakini kelele nyingi huanza bili ikishatua mezani, na mara nyingi hakuna mwizi pande zote mbili.

Tuseme bia ni shilingi 2,500. Mko wanne, mmepiga raundi tatu: chupa 12, shilingi 30,000, kila mtu anayo hesabu kichwani. Katikati kaja jamaa wa tano, kanywa mbili, kaenda zake. Halafu mmoja wenu, roho ikiwa nyeupe, kasema wale wawili wa pembeni wapewe moja moja. Bili inakuja chupa 16, shilingi 40,000. Mnahesabu chupa mezani mnakuta 14, maana zile mbili za ofa ziko meza ya jirani. Mhudumu anaitwa mwizi, nanyi mnaitwa wababaishaji, kwa shilingi 5,000 ambazo kila mmoja ana haki ya kuzibishia.

Dawa ni kulipa kila raundi inapofika. Kama mnataka bili ya pamoja, mwambieni mhudumu asiondoe chupa tupu, au vizibo vyote viingie kwenye glasi moja, na ofa ikitoka aje na kizibo chake. Mgeni akiondoka, chupa zake zitajwe palepale mhudumu akisikia. Wahudumu wakibadilishana zamu, fungeni hesabu na yule anayeondoka kabla hajavua aproni. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na usinyanyuke mpaka kaunta waseme ujumbe umeingia.

Mhudumu anapong'ang'ania chupa moja, mwelewe. Kwenye baa nyingi vinywaji anavyochukua kaunta huandikwa kwa jina lake, na upungufu unakatwa kwake usiku uleule. Ukitoroka na bia mbili hujamkomoa mwenye baa.

Jikoni ni nchi nyingine. Baa nyingi zimekodisha jiko, kwa hiyo pesa uliyolipa kaunta haijamfikia mchoma nyama. Uliza mapema: chakula nalipa wapi? Nyama ipimwe ikiwa mbichi, mbele yako, na ujue kilo moja ikishachomwa hupungua robo na zaidi. Anayeiona nyama mara ya kwanza ikiwa kwenye sinia, na keshakunywa nne, lazima aone amepunjwa.

Ofa nayo ina utaratibu wake. Bia ikiletwa usiyoagiza, uliza kwanza imetoka kwa nani, kabla haijafunguliwa. Kizibo kikishatoka haiwezi kurudi kaunta, na kukataa wakati huo ni kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. "Mwambie nashukuru sana, leo nimetosheka" inatosha. Inua mkono kumsalimia kwa mbali, basi. Wewe unayetoa, ofa ikishatoka imetoka. Haimnunulii mtu kiti kwenye meza ya dada aliyeipokea, na anayefikiri vinginevyo ndiye huyo atakayesumbua saa tano usiku. Chupa yako ifunguliwe machoni pako, na uliyoiacha ukaenda msalani, iache kabisa.

Mengine ni adabu ya kawaida. Muulize mtu "hapa pana mwenyewe?" kabla ya kuvuta kiti. Mwite mhudumu "dada" au "kaka", si kwa mluzi wala kwa kugonga chupa mezani, na mikono yako ibaki kwako. Kubadilisha chaneli ni kazi ya kaunta.

Sasa pombe yenyewe. Bia ya ml 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi, na mwili humaliza kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja, basi, ni saa mbili au zaidi. Aliyekunywa nne kati ya saa mbili na saa nne bado anazo tatu kichwani. Konyagi ya ml 200, kwa asilimia 35, inakaribia bia tatu, na watu huigonga kwa dakika ishirini. Kuleni kabla, si baada. Na ukimwona mwenzako anarudia neno lilelile mara tatu, usibishane naye hata kama amekosea.

Kabla ya ngumi kuna dalili. Mtu anasimama bila sababu. Anavua saa, anampa mwenzake simu amshikie. Anaishika chupa shingoni badala ya tumboni. Ukiyaona hayo, kama anakugombeza wewe, baki umekaa, shusha sauti, sema "samahani mkubwa" hata kama aliyekanyagwa ni wewe. Usicheke, na usimwekee mkono begani. Kwa mlevi mkono begani ni mwanzo wa kusukumwa. Wenzako waondoe chupa mezani kimyakimya na mmoja amfuate meneja. Baunsa aje meneja akishindwa, maana baunsa akifika kila mtu anataka kuonekana hajaogopa.

Kwenye kuamua ugomvi wengi hukosea jambo moja: wanamshika adui. Ukimkamata mikono yule wa upande wa pili, rafiki yako anapata nafasi ya kumpiga, na wenzake wanaona mmemvamia wawili. Kila kundi lishike mtu wake. Mgeuze mgongo, mpeleke asipoweza kumwona mwenzake, mpe maji, akae robo saa. Anayeondoka ni yule mwenye akili zaidi wakati ule, si mwenye makosa. Wasitoke pamoja, maana yaliyoshindikana ndani humalizikia kwenye maegesho. Mmoja wenu abaki alipe bili, ili habari isigeuke kuwa mlikimbia deni.

Mtu akichanwa na chupa, bana jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi mfululizo bila kufunua kuchungulia. Kipande cha chupa kilichozama usikichomoe. Bana pembeni yake, mkimbize hospitali. Polisi hapa Tanzania ni 112. Kwa majeraha ya kupigwana hospitali huulizia PF3, fomu ya polisi, kwa hiyo mwingine apitie kituoni wakati majeruhi anapelekwa.

Kama aliyevuruga ni wewe au mtu wako, rudini kesho yake. Nendeni mchana, saa tisa hivi, meneja akiwa anahesabu kreti na spika hazijawashwa. Muulizeni vitu vilivyovunjika ni vipi. Chupa tupu nazo zina bei, kwa kuwa baa huzirudisha kwa msambazaji, na kreti yenye mapengo lazima mtu aijaze. Lipeni, kisha mmwombe radhi mhudumu aliyekuwa zamu. Kama hayupo, ulizeni anaingia lini.