Amejifungia chumbani, nimwache?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Kijana wangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu Pasaka hasemi na mtu. Akitoka shule anajifungia, hata chakula anakuja kukichukua na kurudi nacho chumbani. Baba yake ni dereva wa lori, safari za Tunduma, nyumbani tunampata siku mbili kwa mwezi. Nilipekua simu ya mtoto, sikukuta kitu, naye akajua. Majirani wanasema ni balehe, nimwache itapita. Nimwache?
Mama wa Korogwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimwache. Balehe ipo, na umri huo anataka mlango wake, ila kugonga uendelee kugonga.

Kwanza simu. Mwambie wazi: "Nilikosea, nilikuwa na hofu." Usiongeze "lakini".

Mimi nilinyamaza vivyo hivyo nikiwa na miaka 14. Mama alinihoji kila jioni mpaka akachoka. Mjomba wangu, fundi baiskeli, hakuuliza kitu. Jumamosi aliniita nimshikie karai la maji; yeye anazamisha mpira, mimi natazama viputo vinatokea wapi. Jumamosi ya nne au ya tano, macho yangu yako majini, nikamwambia mwalimu wa hesabu ananicheka mbele ya darasa na kipindi chake nakimalizia chooni. Hakugeuka. Alibandika kiraka, akakibana, akasema, "Jumatatu tutakwenda wote." Tulikwenda.

Mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi utu uzima. Kati ya waliokulia kwenye dhiki na vurugu za nyumbani, kama theluthi moja walitengemaa. Kwa hao alikuta, pamoja na mengine, mtu mzima aliyewashika asiwaachie: bibi, mjomba, mwalimu, hata jirani. Wazee wetu wa pwani nao walimpa mwari somo wake, yaani kungwi wa kumfunda, kwa kuwa yapo ambayo mama haambiwi.

Basi mtafutie mtu huyo. Awe unayemjua vizuri, na wakae mahali pa wazi, penye kazi ya mikono. Nawe mwite akukunie nazi. Msemeshe habari za nazi tu. Akinyamaza, nyamazeni wote.

Ila ukimsikia anataja kufa, ukaona anajiumiza au ameacha kula kabisa, usingoje Jumamosi ya tano. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Pia piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo.

Baba naye aache kukupigia wewe kuulizia maendeleo. Ampigie mwanawe, amsimulie foleni ya Tunduma, alilala wapi, alikula nini. Akirudi, maswali ayaache kwanza. Wakaoshe lori.