Uzamivu wa Historia Ng'ambo: Tafuta Nyaraka Kabla ya Chuo

Wengi wanaotoka Mombasa kwenda kusoma uzamivu wa historia ng'ambo huanza kwa kutafuta jina la chuo. Tunawasihi waanze kwingine: nyaraka za mada yako ziko wapi? Historia ya mji huu imetawanyika. Za enzi ya Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593 wakaipoteza 1698, ziko Lisbon na Goa, na bila Kireno hutazisoma. Za Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Oman na Zanzibar walioutwaa mji 1837, zitafute Zanzibar. Za ukoloni wa Mwingereza ziko Nairobi, katika Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, na London, katika Nyaraka za Taifa za Uingereza kule Kew, hasa faili za CO 533, yaani za Wizara ya Makoloni kuhusu Kenya. Ukishayajua haya, utajua lugha ya kujifunza na msimamizi wa kumwandikia.

Swali nalo lipunguze. "Historia ya wafanyakazi wa Mombasa" ni bahari. "Kwa nini watu wa bandari na wa reli waligoma pamoja Januari 1947?" lina mwaka, lina watu, na lina faili.

Marekani masomo huchukua miaka 5 hadi 7: kwanza madarasa, kisha mitihani, ndipo utafiti. Idara nyingi zikikukubali hukulipia ada na kukupa posho, nawe husaidia kufundisha. Uingereza ni miaka 3 hadi 4, na andiko la utafiti hutakiwa tangu mwanzo. Huko kupata nafasi si kupata ufadhili; barua ya udahili ikija peke yake, usiuze kiwanja. Tena kuna ada ya afya ya viza, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na hulipwa ya miaka yote kwa mpigo.

Maombi mengi huharibikia kwenye sampuli ya maandishi, ambayo kwa kawaida ni kurasa 20 hadi 25. Tasnifu zetu za uzamili huanza na usuli, malengo, nadharia na mapitio ya maandishi, na mwombaji hutuma sura hiyo ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyokaa sawa. Kamati haioni humo mwanahistoria. Tuma sura uliyobishana na ushahidi: barua ya afisa wa wilaya, hukumu ya kadhi, utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ukiweza kuzisoma herufi hizo, sema waziwazi katika maelezo yako ya kuomba nafasi, maana wengi wa utakaoshindana nao hawawezi.

Barua za mapendekezo ni 3. "Ana nidhamu na huhudhuria vipindi" haimsaidii mtu. Mpe mhadhiri wiki 6 au zaidi, pamoja na sampuli na maelezo yako, ili aizungumzie kazi yenyewe.

Waandikie wasimamizi kati ya Agosti na Oktoba, barua fupi yenye swali lako na nyaraka unazozijua. Uliza pia kama idara inapokea wanafunzi mwaka huo, kwani nyingine husimamisha udahili. Marekani mwisho wa maombi huwa Desemba au mapema Januari. Usiku wa manane wa New York wakati huo ni saa mbili asubuhi kwetu, lakini usiingoje, intaneti haina ahadi.

Ukirudi nyumbani kufanya utafiti, uraia hautoshi: omba leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, na Zanzibar ina kibali chake. Kabla ya kuwahoji wazee wa Mji wa Kale, pata pia idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako. Mahojiano yaliyorekodiwa kabla ya idhini hiyo huenda usiruhusiwe kuyatumia kwenye tasnifu, na mzee uliyemhoji huenda usimkute tena.