Kipa akishafungwa: kwa wadogo zangu mnaoanza kuuza Lubumbashi

Mwaka wangu wa kwanza wa kuuza buti na glavu kwa kampuni ndogo zinazohudumia migodi, mteja mmoja alinikataa saa tatu asubuhi, na kabla jua halijazama nikawa nimepoteza wengine watatu. Hao watatu hawakushindwa na bei. Niliingia kwao nikiwa bado nabishana moyoni na yule wa asubuhi, nikawakatiza maneno, nikashusha bei kabla hawajaomba.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anayefundisha makipa wa timu ya mtaani, Kamalondo. Kipa, aliniambia, hafundishwi kudaka tu, anafundishwa pia cha kufanya akishafungwa. Anautoa mpira wavuni, anagusa nguzo, anavuta pumzi, anawapanga mabeki. Kila mara vilevile, ili akili ipate pa kushika. Wataalamu wa saikolojia ya michezo wamezichunguza tabia za namna hii kwa muda mrefu. Coleman Griffith alikuwa na maabara yake Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, tangu 1925.

Mashabiki wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe hapa Lubumbashi, wanivumilie. Desemba 2010 kule Abu Dhabi, kwenye Kombe la Dunia la Klabu, wengi wanakumbuka Mazembe walivyoipiga Internacional ya Brazil 2-0, na kipa wao Kidiaba akirukaruka kwa makalio. Mimi huwarudisha vijana kwenye fainali. Inter Milan ilifunga dakika ya 13, ikafunga tena ya 17. Hapo timu inaweza kusambaratika kabisa. Mazembe walishindwa 3-0, lakini bao la tatu liliingia dakika ya 85. Zaidi ya saa nzima walicheza mpira uliokuwa mbele yao, wala si ule uliokwisha kuingia.

Basi nikitoka kwa mteja, kabla sijawasha pikipiki, naandika mistari miwili daftarini: alichouliza, na pale nilipojibu vibaya. Nafunga daftari. Nakunywa maji. Halafu najiambia neno moja: sikiliza. Wengine watawafundisha kujipigia kelele kwamba ninyi ni washindi. Siwakatazi, ila kwa kazi inayotaka umakini, neno la kuelekeza husaidia kuliko neno la kujisifu, na kuuza ni kazi ya masikio.

Kuhusu malengo, mkubwa wako atakupa namba ya mwezi, na lazima uiheshimu. Lakini jozi 200 za buti haziko mikononi mwako peke yako: lori linaweza kukwama mpakani Kasumbalesa, au mteja akawa mwenyewe anasubiri kulipwa. Kilicho chako ni kupiga simu tano kabla ya saa nne, kujua saizi za miguu ya wafanyakazi wake, na kufikisha sampuli siku ileile uliyosema. Jumamosi jihesabie hayo.

Wanamichezo pia hucheza mechi akilini kabla ya kuingia uwanjani. Anayeanza biashara hujiona tayari anasaini mkataba, na hapo ndipo anapokosea. Jione umekaa kwenye kile kiti cha mbao, mnunuzi anasukuma karatasi yako pembeni, anasema bei yenu iko juu. Sasa jibu, kwa sauti.

Jambo linalonikera katika kazi yetu ni hili: mchezaji anafanya mazoezi wiki nzima kwa ajili ya dakika 90, sisi tunacheza Jumatatu mpaka Jumamosi bila zoezi hata moja. Mwombe mwenzako nusu saa kila Jumatano, awe mnunuzi mgumu, wewe ujibu, kisha mbadilishane. Miaka miwili nililikataa zoezi hili nikiliona la kitoto, na wateja niliowapoteza kwa sababu hiyo nawakumbuka mmoja mmoja. Anzeni na swali la bei, maana kuna wanaoliuliza hata kabla hujakaa.