Mmomonyoko wa Udongo: Somo la Sayansi Linaloanzia Uwanjani

Mwalimu mwenzetu unayeanza kufundisha sayansi shule ya msingi, usiandike kwanza maana ya mmomonyoko ubaoni. Watoe watoto nje baada ya mvua, wachuchumae pale maji ya bati yanapodondokea. Pana vishimo vilivyojipanga mstari, na ukutani madoa ya tope hadi usawa wa goti. Uliza: "Tope limepandaje ukutani?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kinakuwasha.

Majibu yao yageuzeni kuwa swali linalopimika. "Kwa nini udongo unamomonyoka?" halipimiki, "Udongo mtupu na uliofunikwa majani, upi utachafua maji zaidi?" linapimika.

Kila kundi lipate chupa 3 za plastiki za lita 1.5. Zilaze, kata dirisha ubavuni (kata mwenyewe, kingo uzibe kwa selotepu), tia udongo uleule hadi chini kidogo ya usawa wa mdomo. Moja udongo ubaki mtupu, moja utandaze majani makavu, moja uoteshe nyasi wiki 3 kabla. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanang'oa nyasi asubuhi na kuzipachika. Mizizi haijashika, udongo umevurugika, maji yanatoka machafu kuliko yote, na mtoto anaamini nyasi hazisaidii kitu. Chupa zote 3 zijazwe siku moja na kumwagiliwa sawa. La sivyo unalinganisha udongo ulioshikana na uliolegea.

Siku ya jaribio, kila mtoto aandike makisio yake kabla ya maji kumwagwa. Inueni vitako vya chupa kwa tofali moja moja. Toboa kopo matundu 10 kwa msumari, wamwage nusu lita kutoka sentimita 30, wakinge kwa bilauri inayoonyesha. Rangi ya maji inadanganya macho, kwa hiyo bilauri zilale hadi kesho, kisha wapime kwa rula kina cha tope lililotuama.

Kundi likipata matokeo tofauti, usiyafute. Waambie warudie kumwaga mbele ya wenzao. Mara nyingi kopo lilishikwa juu zaidi, na mtoto mmoja atauliza kama tone linaloanguka kutoka juu linachimba zaidi. Warudishe kwenye ule ukuta wakiwa na rula mkononi.